Joka limekufa, nani achukue ufagio? Namna ya kupima thamani ya vifaa vya uchawi mezani

JOKA limekufa. Pango ni lenu. Juu ya rundo la dhahabu kuna upanga unaong'aa, ufagio mkuukuu, mfuko wa turubai, fimbo fupi ya chuma na chupa tatu za dawa nyekundu. Wachezaji ni wanne. Hapo ndipo vita vyenyewe huanza.

Kwa wanaocheza Dungeons & Dragons, hali hii si ngeni. Watu hukaa saa nne wakishirikiana kumwangusha adui, mmoja akijitoa mhanga kumwokoa mwenzake, kisha ndani ya dakika kumi wananuniana kwa sababu ya kitu ambacho hata hakipo, kimeandikwa tu kwa penseli kwenye karatasi. Mwenye sauti kubwa anachukua kinachong'aa. Mpole anaambulia kilichobaki. Wiki mbili baadaye mpole anaanza kuwa na "shughuli" kila Jumamosi, na kikosi kinasambaratika.

Mara nyingi tatizo si uchoyo. Ni kwamba watu hawajui kitu walichookota kina thamani gani. Wanagombania upanga, ufagio unatupiwa asiyebahatika kama kifuta machozi, kumbe ufagio ndio uliostahili kugombaniwa.

Kwa asiyeujua mchezo huu: huchezwa mezani kwa karatasi, dadu na mdomo. Kila mchezaji anaigiza mhusika mmoja, awe mpiganaji, mchawi, mwizi ama kasisi. Mtu mmoja anakuwa msimamizi wa mchezo. Yeye husimulia dunia, huigiza maadui na huamua matokeo kwa msaada wa dadu, hasa ile ya pande 20. Mfululizo wa vikao huitwa kampeni, na si ile ya kuomba kura. Inaweza kudumu miezi au hata miaka.

Mchezo wenyewe ulichapishwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Vijana wengi wa siku hizi wameujua kupitia Stranger Things iliyoanza kuonyeshwa Netflix mwaka 2016, ama mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3 uliotoka mwaka 2023 na ambao unafuata kanuni zake.

Kwenye kompyuta, kila kifaa kimeandikwa bei yake. Mezani lazima mjiamulie wenyewe. (Na ukiwaaga wazazi kwamba Jumamosi unaenda kugawana vifaa vya uchawi, tafadhali jieleze haraka.)

Bei ya kitabu

Si ati vitabu havina bei. Kitabu cha msimamizi cha toleo la tano, kilichotoka mwaka 2014, kinapanga vifaa kwa madaraja ya uadimu. Kifaa cha kawaida ni sarafu za dhahabu 50 hadi 100. Daraja la pili, la visivyo vya kawaida, ni 101 hadi 500. Kifaa adimu ni 501 hadi 5,000, adimu sana 5,001 hadi 50,000, na vile vya kutajwa katika ngano ni zaidi ya 50,000.

Toleo lililorekebishwa la mwaka 2024 liliachana na masafa hayo mapana, likaweka bei moja kwa kila daraja: 100, 400, 4,000, 40,000 na 200,000. Vifaa vingi vya kutumika mara moja vikaisha ni nusu ya bei hiyo.

Inaonekana safi kabisa. Sasa linganisha vifaa viwili vya kanuni za 2014.

Cha kwanza ni joho linalogeuka mabawa. Ni kifaa adimu, kwa hivyo bei yake inaweza kufika sarafu 5,000. Ukitamka neno lake unapaa kwa saa moja, kisha mabawa yanatoweka na huwezi kuyaita tena hadi zipite saa kadhaa, kati ya 1 na 12, kama dadu itakavyosema. Tena ni lazima joho hilo lifungamane nawe. Maana yake, linakula nafasi moja kati ya tatu tu ambazo kila mhusika anazo za vifaa vya aina hiyo.

Cha pili ni ufagio wa kupaa. Uko daraja la pili, usiozidi sarafu 500. Kasi yake iko chini kidogo ya ile ya joho, lakini hauhesabu saa, hauhitaji kufungamana na mtu, na hubeba hadi kilo 180 hivi ukikubali kupunguza mwendo. Leo unaendeshwa na mwizi, kesho na kasisi.

Kwa hivyo kitabu kinasema joho linaweza kuwa ghali mara kumi kuliko ufagio. Kikosi chochote kilichowahi kuvitumia vyote viwili kitakwambia kinyume chake. Uadimu unakueleza jinsi kitu kilivyo shida kupatikana. Haukuelezi kitakavyokufaa ukishakipata.

Miaka 50 ya kutafuta bei

Waandishi wa mchezo huu wamehangaika na swali hili tangu zamani. Kitabu cha msimamizi cha mwaka 1979, kilichoandikwa na Gygax, kiliweka nambari mbili mbele ya vifaa vingi: pointi za uzoefu, na bei ya kuuzia kwa dhahabu. Ukikiweka kifaa, unapata pointi. Ukikiuza, unapata pesa. Swali lilikuwa jepesi: utabaki nacho, ama utakipeleka sokoni?

Mwaka 2000, baada ya kampuni ya Wizards of the Coast kuununua mchezo, toleo la tatu lilikuja na hesabu kamili. Kwa upanga, ulichukua nyongeza yake, ukaizidisha kwa yenyewe, kisha ukazidisha kwa 2,000. Upanga wa nyongeza ya 1 ulikuwa sarafu 2,000, wa nyongeza ya 2 ukawa 8,000, na wa nyongeza ya 3 ukafika 18,000. Vifaa vya kurusha matamko ya uchawi vilikuwa na hesabu zao.

Hesabu ikipatikana, wajanja hawakosi. Wachezaji waligundua kijiti cha uponyaji mdogo. Kiliuzwa sarafu 750 na kilikuwa na matumizi 50, kila tumizi likirudisha wastani wa pointi tano na nusu za uhai. Hiyo ni sarafu 15 kwa tumizi. Chupa ya dawa yenye nguvu ileile iliuzwa sarafu 50. Kwa nini ununue chupa tena? Vikosi vikaanza kutembea na vijiti kama wagonjwa wa kudumu, na hofu ya kujeruhiwa, ambayo ndiyo utamu wa mchezo, ikapungua baada ya kila pambano. Kifaa hicho hakikuwa na nguvu yoyote ya kutisha. Kilikuwa tu rahisi kupita kiasi kwa kazi iliyohitajika kila siku.

Toleo la nne, mwaka 2008, lilijibu kwa ukali. Kila kifaa kilipewa kiwango chake, na ukitaka kuuza ulipata sehemu moja tu ya tano ya bei. Mwaka 2014 waandishi wakarudi nyuma, wakasema vifaa vingi vya uchawi ni adimu kiasi kwamba kwa kawaida haviuzwi dukani, wakaacha mambo mikononi mwa msimamizi.

Funzo la safari hiyo ndefu ni moja. Hesabu inaweza kupima nguvu ya kifaa kwenye karatasi, lakini haiwezi kujua kikosi chako kinakwama wapi. Thamani ya kifaa ni kile ambacho kikosi kizima kinaweza kufanya kikiwa nacho, na ambacho jana hakingeweza. Hilo mnalijua nyinyi mliokaa mezani.

Maswali sita ya kukiuliza kifaa

*Kitatumika mara ngapi?* Upanga wa nyongeza ya 1 hudharauliwa kwa sababu hautoi moto wala hauongei. Kwenye dadu ya pande 20, nyongeza ya 1 ni asilimia tano tu: kati ya mapigo 20, moja zaidi linampata adui. Lakini fanya hesabu yote. Tuseme mpiganaji hupiga kwa uwezekano wa asilimia 60, na kila pigo linaumiza kwa wastani wa pointi saba na nusu. Kwa upanga huo, uwezekano unapanda hadi 65 na maumivu hadi nane na nusu. Ukizidisha, kila jaribio linatoa wastani wa pointi 5.5 badala ya 4.5. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 23, kila raundi, kila pambano, bila kusema neno. Kifaa cha kushangaza kinachotumika mara moja kwa mwezi hakifikii hapo.

*Kinafuta tatizo gani?* Vifaa vingine haviongezi nambari, vinaondoa kikwazo kabisa. Ufagio unafuta ukuta, mto, shimo na lango lililofungwa. Ule mfuko wa turubai, ambao wachezaji huujua kama Bag of Holding, unabeba takriban kilo 227 za mizigo huku wenyewe, kwa kanuni za 2014, ukiwa na uzito wa kilo saba hivi. Kikosi chenye mfuko huo hakigombani tena kuhusu nani abebe hema na nani aache dhahabu pangoni.

Ama chukua ile fimbo fupi ya chuma. Ina kitufe. Ukikibonyeza, inaganda hapohapo ilipo, hata kama ni hewani, na inahimili zaidi ya tani tatu na nusu. Unaweza kuning'iniza matatu ya abiria 14 ikiwa imejaa, mradi makanga asizidishe. Haina pointi hata moja ya kuumiza. Lakini ukiitega nyuma ya mlango, huo mlango haufunguki. Ukiibonyeza katikati ya shimo, umepata pa kufungia kamba. Thamani yake inapanda na kushuka kulingana na ubongo wa aliyeishika.

*Kitakaa kwa nafasi ya nini?* Kwa kuwa mhusika ana nafasi tatu tu za vifaa vinavyofungamana naye, kifaa cha nne kina gharama hata kama mmekiokota bure: lazima uache kimoja. Mwanzoni mwa kampeni nafasi zote ziko wazi na hakuna anayejali. Mbele ya safari, kifaa cha wastani kisichohitaji kufungamana kinaweza kukishinda kizuri kinachohitaji.

*Kiko mkononi mwa nani?* Kuna glavu za nguvu za zimwi. Ukizivaa, nguvu zako zinakuwa 19, hata uwe mnyonge namna gani. Kila mtu mezani atasema mpe mpiganaji, yeye ndiye mtu wa misuli. Subiri kwanza. Kama mpiganaji tayari ana nguvu 18, nyongeza yake kwenye dadu ni 4. Akifika 19, nyongeza inabaki 4 ileile. Amepata sifuri, na ametumia nafasi yake moja. Mpe kasisi mwenye nguvu 8, ambaye alikuwa anapunguziwa 1 kila akiinua rungu, naye anaruka kutoka kasoro ya 1 hadi nyongeza ya 4. Kifaa ni kilekile. Kwa mmoja ni pambo, kwa mwingine kinabadilisha maisha.

*Kitaisha?* Wahenga walisema akiba haiozi. Wachezaji wameichukua kauli hiyo kupita kiasi. Karibu kila kampeni inaisha huku karatasi zikiwa na chupa za dawa ambazo hazikufunguliwa, zikingoja "siku mbaya zaidi" ambayo ilipita zamani. Chupa ya kawaida ya uponyaji inagharimu sarafu 50 na hurudisha wastani wa pointi saba. Hizo ni chache, lakini kwa mwenzako aliyelala chini akihesabu pumzi za mwisho, pointi moja tu inamwinua. Dawa isiyonywewa thamani yake ni sifuri.

*Kimeficha nini?* Vyote ving'aavyo si dhahabu. Kuna mfuko unaofanana kabisa na ule wa kubebea mizigo, ila kwa kweli ni mdomo wa kiumbe mkubwa anayeishi dunia nyingine, na mkono ukiingia unaweza usitoke. Kwa kanuni za 2014, mhusika akikaa na kifaa kwa mapumziko mafupi atajua sifa zake, lakini laana nyingi hazionekani kwa njia hiyo, wala kwa tamko la uchawi la kutambua vitu. Kwa hivyo kabla ya kupigania kitu, kijaribuni kwanza. Ingizeni fimbo mfukoni kabla ya mkono.

Kugawa bila kununiana

Turudi kwenye lile rundo pangoni tulione kwa macho ya maswali hayo. Kikosi kina mpiganaji, mchawi, mwizi na kasisi.

Upanga ni wa mpiganaji, na si kwa sababu anapiga kelele. Ndiye anayepiga mara nyingi zaidi, hasa akifika kiwango cha tano na kupata mapigo mawili kwa raundi. Mwizi naye angeutaka, lakini pigo lake la kuvizia linahitaji silaha ya wepesi ama ya mbali. Akiushika upanga mrefu atakuwa ameuza silaha yake kuu kwa asilimia tano.

Ufagio ni wa kikosi. Kwa kuwa haufungamani na mtu, hakuna sababu ya kuuandika kwenye karatasi ya mmoja na kuusahau hapo. Mwizi mwenye upinde atauendesha siku nyingi. Siku ya kuvuka mto, utavusha watu mmoja mmoja. Mfuko pia ni wa wote.

Fimbo apewe mchawi, ama yeyote mezani ambaye huja na mawazo ya ajabu ajabu. Mnamjua.

Chupa tatu ndizo zinazokoseshwa mara nyingi. Mazoea ni kumpa kasisi, "kwa vile yeye ni daktari." Lakini kasisi tayari anaweza kuponya. Siku atakapoanguka yeye, nani atamwinua kama dawa zote ziko kwenye mkoba wake? Chupa ziende kwa wale wengine watatu, moja moja.

Ukitazama vizuri, kasisi ameondoka mikono mitupu. Hapa ndipo vikosi vingi huharibikia, manake hoja ya kila kifaa ilikuwa sahihi, na bado mtu mmoja hakupata kitu. Yeye mwenyewe atasema "ni sawa tu." Si sawa. Mali bila daftari hupotea bila habari: andikeni nani amepata nini, na kwamba hazina ijayo kasisi ndiye atakayechagua wa kwanza. Karatasi moja yenye safu mbili inatosha.

Vikosi vingine hurusha dadu kwa kila kifaa. Ni haki, lakini ni haki isiyoona. Glavu zinaweza kumwangukia mwenye misuli tayari. Vingine huuza kila kitu na kugawana dhahabu. Hiyo ndiyo njia mbaya kupita zote. Kwa kanuni za 2014, ukitafuta mnunuzi unaweza kupewa hata sehemu moja ya kumi ya bei, na anayetoa bei nono kupita wote huwa ni mtu wa kutiliwa shaka. Yeyote aliyewahi kutaka kuuza simu aliyoitumia mwaka mmoja anaelewa. Njia ya kati ni kuzungumzia mahitaji kwanza, na pale wawili wanapokihitaji kitu sawasawa, dadu iamue.

Wewe unayesimamia

Mzigo mkubwa uko kwa msimamizi, kwa sababu kila kilichomo kwenye hazina amekiweka yeye.

Kwanza, tazama karatasi za wachezaji wako kabla ya kuweka kitu. Shoka la ajabu kwenye kikosi ambacho hakuna atumiaye shoka ni sarafu tu zenye mpini. Pili, kama huna uhakika kifaa kitaleta balaa gani, toa kwanza kile kinachoisha. Dawa ya kupaa kwa saa moja itakuonyesha ndani ya kikao kimoja jinsi mipango yako inavyoporomoka watu wakiwa hewani. Ufagio ukishautoa, umetoa.

Na ukishatoa, usinyang'anye. Mwizi wa usiku anayeiba ufagio peke yake na kuacha dhahabu, kila mtu mezani atajua ni wewe. Afadhali useme wazi, "Jamani, kitu hiki kinaniharibia mchezo, tukirekebishe vipi?" Wachezaji wengi watakubali kupunguziwa kuliko kudanganywa. Ama uifanye dunia iwe na akili: majambazi wakisikia kuna watu wanaopaa, watanunua pinde.

Tatu, kumbuka kwamba bei ni ya mahali. Kuna chupa ya maji yasiyoisha. Ukiiamuru kwa nguvu zake zote, inafoka zaidi ya lita 113 kwa mara moja, na raundi moja ni sekunde sita tu. Hiyo ni zaidi ya mitungi mitano ya lita 20. Mtu akiiamuru kila raundi kwa saa moja, ni zaidi ya lita 68,000, karibu maboza saba ya lita 10,000. Na chupa hii iko daraja la pili, sawa na upanga wa nyongeza ya 1. Kwa kanuni za 2024, sarafu 400.

Yeyote anayeishi mtaa ambao mifereji hukauka wiki nzima anajua hiyo si bei. Kwenye mji wa jangwani katika dunia yako, mwenye chupa hiyo ni mfalme kabla ya jioni. Wauza maji watamtafuta usiku wakiwa na visu. Mama mwenye watoto sita atamtafuta asubuhi akiwa na mtungi mtupu. Kwenye mji ulio kando ya mto, chupa ileile ni ya kuoshea farasi. Ukimwachia mchezaji auze kitu kama hicho kwa sarafu 400, hujamwonea yeye peke yake. Umejinyima kampeni nzima.

Anayetaka kuanza hana haja ya kununua vitabu vyote. Tangu Januari 2023, sehemu kubwa ya kanuni za msingi za toleo la tano, pamoja na orodha ndefu ya vifaa vya uchawi, imetolewa bure kwa leseni ya Creative Commons. Bando kidogo linatosha kuipakua. Dadu zipo za programu kwenye simu. Kinachobaki ni watu wanne au watano walio tayari kutoa Jumamosi yao, na hicho ndicho kitu adimu kuliko vyote mezani, hakina daraja wala bei.

Kwa hivyo kikao kijacho hazina ikimwagwa, mwenye sauti kubwa asubiri kidogo. Pitieni yale maswali sita pamoja, fungueni daftari, na kabla ya yeyote kuandika kitu kwenye karatasi yake, mwulizeni aliyenyamaza anataka nini.